Kitufe cha Kufuta

Rafiki yetu Milembe alifungua duka la kuchapa Bariadi miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika. Alasiri moja Maduhu wa Kasoli alifika kuchapisha wasifu wa marehemu mkewe, usomwe makaburini mbele ya wakwe zake.

"Mwadila, dada," akasalimia kwa Kisukuma. "Andika aliugua malaria."

Milembe akaandika kwenye kompyuta. Neno "malaria" likafutika, herufi moja moja. Akarudia, likafutika tena.

"Kitufe cha kufuta kimekwama, kaka," akasema. Akachomoa waya wa kibodi, akaipakata kibodi yenyewe aipanguse vumbi.

Mara wingu zito likafunika mji na umeme ukakatika. Mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza, chumba kikawa giza totoro.

"Mbona umeacha?" Maduhu aliuliza. "Nimesema malaria."

Mapajani mwa Milembe, waya ukining'inia hewani, kitufe kilekile cha kufuta kikaanza kugonga chenyewe: ta, ta, ta. Alihesabu mara saba, herufi zote za "malaria".

Alimsikia Maduhu akirudi nyuma hatua moja.

"Basi," akanong'ona, "andika homa."

Kitufe kikagonga mara nne.