Nywele za Mguu wa Kulia

Kila asubuhi Edilson Sichacá alikunywa maji yake ya moto ya sukari guru akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu juu ya meza ya jikoni ilining'inia baiskeli ya marehemu. Ilikuwa ya mjomba wake Ananías, na ilifungwa kwenye boriti kabla Edilson hajazaliwa. Joto la jiko la kuni lilipopanda, gurudumu la mbele lilianza kuzunguka lenyewe, bila sauti, na kivuli cha njiti zake kikapita juu ya arepa, mikate ya mahindi iliyokuwa sahanini. Bibi Griselda aliinua mkono, akalisimamisha, akaendelea na kazi zake kama aliyefukuza nzi. Edilson hakuuliza kitu. Katika nyumba ile, aliyeuliza habari za baiskeli alipewa ndoo akakamue ng'ombe.

Edilson alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka ule Mungu alikuwa amemjalia nywele za miguuni. Hazikuwa nyingi. Mtu asiye na haraka angeweza kuzipa majina. Lakini alizingoja kwa subira kubwa, na hakuwa na nia ya kuachana nazo.

Bahati mbaya, klabu yao ya baiskeli ilikuwa na desturi. Kabla ya mashindano, vijana wote walikaa uani kwa kocha Anselmo na beseni la maji ya moto, sabuni na nyembe, wakanyoa miguu mpaka ikang'aa. Kisha kocha alipita akiikagua mmoja mmoja, kama mnunuzi wa farasi.

"Kwani kunyoa kuna faida gani?" Edilson alimnong'oneza rafiki yake Maicol.

"Upepo," Maicol alijibu kwa uso wa padri. "Hizo nywele zako zitatuchelewesha timu nzima."

"Afadhali nywele zangu kuliko miguu yako. Kuku wa supu ana haya kuliko wewe."

Zamu yake ilipofika, Edilson alishika tumbo na kusema atanyolea nyumbani. Kocha alimnyooshea wembe. "Haya, mwanangu. Lakini asubuhi ya mashindano nitaiona miguu yako. Isiponyolewa, hupandi baiskeli."

Siku chache baadaye, akishuka mlima peke yake, Edilson alifika kwenye kona ambayo bibi yake hakuipita bila kufanya ishara ya msalaba. Lami ilikuwa na umande na kokoto. Gurudumu liliteleza, naye akaburuzwa mpaka ukingoni. Alipoketi aliona muundi wake wa kulia umechunika, damu imechanganyika na mchanga, mavi ya ng'ombe na zile nywele zake tukufu.

Alijua la kufanya: kwenda kwa kocha. Alijua pia kocha angesema nini: hakuna mashindano. Basi akafuta jeraha kwa soksi, akabandika plasta kubwa, akateremsha mguu wa suruali kuifunika.

Kesho yake alijaribu kuibandua ili aoshe. Plasta ilikuwa imeshikana na kila unywele, na kila unywele ulikuwa umeshikana na roho yake. Alivuta kidogo, machozi yakamtoka, akaiacha. Siku iliyofuata pia akaiacha. Chini yake mguu ukaanza kupata moto na kupwita, na mezani akaona kana kwamba lile gurudumu linazunguka kwa kasi kuliko zamani, kivuli chake kikimpitia usoni.

Siku moja kabla ya mashindano aliingia jikoni, hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Bibi Griselda alikuwa amempa mgongo, akikoroga chungu. Mwiko ukasimama.

"Ananías?" alisema.

Edilson akasimama. "Ni mimi, bibi."

Bibi aligeuka. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alimtazama usoni, akashusha macho mguuni, kisha akapiga magoti na kupandisha suruali kwa mkono uleule uliozoea kusimamisha gurudumu. Harufu ikawafikia wote wawili.

"Tangu lini?"

"Si kitu, bibi. Kesho nina mashindano."

"Naye alisema hivyohivyo. Maneno hayohayo, papo hapo uliposimama." Alivua aproni. "Twende."

Zahanati ilikuwa bado wazi. Muuguzi aliloweka plasta kwa maji ya dawa, akashika wembe, akazinyoa nywele za Edilson bila ibada yoyote. Halafu alitoa kokoto mojamoja, akakamua usaha, akamchoma sindano. Edilson aliuma ruana, lile joho la sufi alilojitanda bibi yake.

"Ungekawia zaidi, sumu ingeingia kwenye damu," alisema muuguzi.

Habari zilipomfikia, kocha Anselmo alifika akihema, kofia mkononi. Hakugomba. "Mashindano yatakuwapo mengine," alisema. "Tunanyoa kwa sababu tunaanguka, Edilson. Mguu mtupu huoshwa upesi, na plasta hubanduka bila kesi."

"Maicol alisema ni upepo."

"Maicol ana upepo kichwani."

Bibi Griselda alisogeza kiti chake karibu na Edilson. Kisha akasema, "Mwanangu Ananías alianguka kwenye kona ileile, akaficha kidonda ili asikose mashindano. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio hicho, mjukuu wangu, kilikuwa changu, na sijakimaliza. Ukianguka, uje nyumbani useme. Nitagomba, lakini utakuwa hai kunisikia."

Mashindano yaliyofuata yalipokaribia, bibi alikuja uani kwa kocha kwa mara ya kwanza, akamshikia Edilson beseni. Maicol aliitazama miguu ile mipya, akafungua mdomo, akamwona bibi, akaufunga.

Asubuhi yake gurudumu lilianza kuzunguka juu ya meza. Edilson alisubiri mkono uinuke. Bibi aliliacha lizunguke, akamsogezea arepa.

"Mjomba wako alikuwa akipanda mlima akiimba," alisema. "Uliza unachotaka."