Debe Kumi za Kila Nyumba

Kila asubuhi Felista alisali, kisha akafungua kilindo chake cha magome na kuchota uwele. Alichota vikombe viwili, si zaidi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu na mama mkwe mzee. Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Alivuna debe nne tu.

"Huu ni uji au maji ya kunawa?" mama mkwe aliuliza asubuhi moja.

"Tunywe, mama. Mungu anatuona."

Siku hiyo Antipasi, katibu wa kijiji, aliwaita watu wa nyumba kumi za mtaa wao. Alishika karatasi.

"Ndugu wananchi, nimepiga hesabu. Nyumba kumi zimevuna debe mia moja. Kila nyumba ni debe kumi. Mahindi ya msaada wa njaa ni kwa nyumba zisizofika debe sita. Sisi tumevuka. Kesho kutwa napeleka taarifa wilayani."

Felista alishtuka. Mavuno ya shamba la ujamaa yalikuwa yakigawanywa hivyo hivyo. Katibu alisoma kiasi, kila nyumba ikaenda kuchukua. Sasa debe zake sita zilikuwa wapi?

"Mimi nina tatu," jirani yake Rahabu alinong'ona. "Saba zangu zimeliwa. Humwoni mke wa katibu alivyonenepa?"

"Huyo ni mnene tangu Uhuru," Felista alijibu. "Lakini twende tukaone."

Walikwenda kwa Antipasi na gunia tupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gunia la nini?"

"Tumekuja kuchukua debe zetu."

Antipasi alikasirika. Alifungua mlango wa ghala. "Haya, chungulieni!"

Kilindo chake hakikufika hata nusu. "Nina debe tano," alisema kwa aibu.

Felista hakuamini. Alichungulia nyuma ya kilindo. Aliona jembe bovu na kuku anayeatamia.

"Wewe tano, mimi nne, Rahabu tatu," alisema polepole. "Hizo kumi ni za nani?"

Antipasi aliitazama karatasi yake. "Mia ukigawa kwa kumi ni kumi," alisema. Lakini sauti yake ilipungua.

Alasiri walimpelekea swali hilo Martha, mwalimu wa kisomo cha watu wazima.

"Hesabu ya katibu si ya uongo," Martha alisema. "Huo unaitwa wastani. Amejumlisha mavuno yote, akayagawa sawasawa kwenye karatasi. Lakini kwenye vilindo hakuna aliyegawa. Iteni nyumba zote. Kila nyumba ilete jiwe moja."

Watu walikuja. Martha alichora mstari mrefu ardhini. Chini yake aliandika namba, moja mpaka arobaini.

"Weka jiwe juu ya namba ya debe zako," alisema. "Ukikuta jiwe la mwenzako, panga lako juu yake."

"Isije ikawa kodi ya kichwa imerudi," mzee Alute alinung'unika. Hata hivyo aliweka lake kwenye nne.

Mawe yalipangwa. Mawili kwenye tatu. Manne kwenye nne. Mawili kwenye tano. Kisha Filipo akatembea mpaka thelathini. Stefano akaenda mbali zaidi, mpaka thelathini na nane.

"Mwizi ndiye huyo!" Rahabu alipaza sauti.

"Subiri," Martha alisema. "Jiwe lililo peke yake halisemi kwamba mwenye jiwe ni mwizi. Linatuambia tumuulize."

"Niulizeni!" Stefano alisema. "Mimi na Filipo tulilima kwa maksai kule mbugani, kwenye udongo mzito wa bondeni. Maji yalikaa. Wewe Rahabu ulinicheka, ukasema nitavuna vyura."

Rahabu alitazama chini. Watu walicheka.

"Sasa," Martha aliuliza, "nani yuko kwenye kumi?"

Watu walitazama. Kwenye kumi hapakuwa na jiwe hata moja.

"Mawe mawili ya mbali yameuvuta wastani," Martha alieleza. "Ukizipanga nyumba kutoka ndogo mpaka kubwa, zile za katikati zina debe nne. Wengi wako huku, kwenye njaa."

"Ningepeleka ile karatasi," Antipasi alisema, "watoto wangelala njaa, hata wangu."

Alichukua kalamu. Alichora mstari ule ule, kila nyumba nukta moja. Mchoro huo ndio uliokwenda wilayani.

Baada ya wiki mbili mahindi yalifika. Nyumba nane zilipata. Felista alisonga ugali, akamshukuru Mungu. Mama mkwe alichomeka mwiko katikati ya chungu. Ulisimama wenyewe.

"Hiki sasa ni chakula," alisema.

Mwaka uliofuata bwana shamba mgeni alikuja na karatasi. "Wastani wa mavuno hapa kwenu..." alianza.

Felista alisimama. Mkononi alikuwa na jiwe.

"Tutakusikiliza, ndugu," alisema. "Kwanza tupange mawe."