Kitabu cha Kuanzia

Bujiku wa Samuye alikuwa na mdomo ambao ungefungwa kwenye jenereta, Shinyanga nzima ingewaka taa. Miaka sita alichimba Geita. Kila duara, yaani shimo la machimbo, aliloshuka alitoka na sifa. Dhahabu walitoka nayo wenzake.

Jioni moja mkewe Asteria alimtuma sukari mjini. Sukari akaisahau. Alipita duka la vitenge kule Ngokolo, la Dhanbai, bibi mjane, mzee mpaka mikunjo yake ina mikunjo, akaona boksi chini ya meza. Vitabu vya marehemu mumewe. Vya mambo ya siri.

"Shikamoo, bibi. Nataka kuwa mfumu, tena mganga mkubwa kuliko wote. Nione mwamba wa dhahabu ulipo nikiwa nimelala kwangu. Nianzie wapi kusoma?"

"Marahaba. Anzia kwako, ulale."

"Bibi, kichwa hiki kina akili za maprofesa kumi na wawili!"

Bibi akamtazama sana. Akatoa kijitabu chembamba kama chapati ya hotelini.

"Wote huanzia hapa," akanong'ona. "Kinasomwa kimya, midomo isitikisike. Na anayeanza ndiye anamaliza, hapokewi na mtu. Chukua. Nimechoka kulala nacho nyumba moja."

Sasa cheka. Bujiku aliishia la nne, na kusoma bila mdomo hajui. Hata kibao cha choo anakisoma kwa sauti mpaka ng'ombe wanageuka. Alipofika nyumbani akajaza mdomo michembe, vile viazi vikavu, ili ulimi utulie. Ulimi ukacheza hivyo hivyo.

Ndipo akamwita Loveness.

Miaka tisa, wa kwanza darasani. Bujiku na Asteria walizaa wanne, watatu wamelala nyuma ya zizi. Huyu ndiye aliyebaki.

"Soma kimoyomoyo, mwanangu. Halafu unisimulie."

"Kina nini, baba?"

"Utajiri."

Mtoto akafungua.

Harufu ikajaa chumba... udongo mbichi, ule wa chini kabisa ya duara, pale pumzi inapokataa. Macho ya Loveness yakatembea. Kushoto kwenda kulia. Kushoto kwenda kulia.

"Kinasemaje?"

Loveness akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Loveness!"

Akampokonya kitabu.

Macho yakaendelea.

Akakitupa motoni, kikaungua chote. Macho yakaendelea. Akayafumba kwa kiganja chake, akasikia mboni zinatembea chini ya kope kama panya ndani ya gunia.

Kulipokucha, yule mwenye maprofesa kumi na wawili alifika dukani suruali imelowa.

"Nani ameanza?" Dhanbai akauliza.

"Mwanangu, bibi."

Bibi akakaa chini taratibu. "Nilikupa wewe, mpumbavu. Wewe!"

"Kina kurasa ngapi? Niambie tu, atamaliza lini?"

"Mume wangu alikianza akiwa kijana." Akavuta ushungi. "Nilimzika akiwa bado anasoma. Na kila aliyeitikia jina lake likisomwa humo, nilimzika kabla yake."

Bujiku alirudi Samuye jua linazama. Loveness yuko pale pale kwenye kigoda. Hali. Hanywi. Jikoni Asteria analia huku anakoroga uji usio na mnywaji.

Bujiku akapiga magoti.

"Rudi, mwanangu. Baba hataki tena. Sitaki dhahabu, sitaki uganga. Rudi..."

Macho yakasimama.

Moyo wa Bujiku uliruka mpaka Runzewe kule Geita! Akamshika mtoto mashavu. Ya baridi. Loveness akakunja uso, vile anavyokunja akikuta neno gumu, na midomo ikaanza kucheza bila sauti. Polepole. Silabi moja moja.

A... ste... ri... a.

Jikoni mwiko ukaanguka.

"Abee?" Asteria akaitika. "Nani kaniita?"

Loveness akalamba kidole, akafunua ukurasa hewani.