Kifyonzagesi cha Ziwa Munyu

Asubuhi kifyonzagesi kilipowashwa katikati ya Ziwa Munyu, watu wa mjini walifungua madirisha yaliyokuwa yamefungwa kwa miaka. Chombo hicho, kipana kama uwanja wa mpira, kilielea kimya, kikateremsha mirija hadi kilindini, kikavuta gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza na kuigeuza kuwa umeme na matofali ya njano. Kufikia jioni hewa ilikuwa safi.

Aliyekibuni ni mhandisi Leokadia Mughwai, na alikuwa na sababu yake. Mama yake, Bi Mukhadi, alikuwa na pumu, na gesi ile ilimfungia ndani ya chumba chenye chujio la hewa tangu mji ulipojengwa ufukweni. Siku hiyo Bi Mukhadi alitoka, akaweka kigoda barazani, akawa anasalimiana na wapita njia.

Mwaka haukuisha, tabaka la zambarau lililokuwa ndani ya maji likaanza kufifia. Ntandu, mtaalamu wa bakteria aliyesoma na Leokadia, alipima maji na matope, akamweleza alichokiona. Bakteria wa matopeni huozesha uchafu kwa kutumia salfeti, chumvi yenye salfa, wakatoa ile gesi. Bakteria wa zambarau, wanaoishi juu yao pale mwanga unapofika, huila gesi hiyo na kuwarudishia wenzao salfeti. Ndivyo walivyolishana siku zote. Kifyonzagesi kilichukua bila kurudisha. Wa zambarau walikufa njaa, wa matopeni wakaishiwa salfeti, na nafasi yao ikashikwa na bakteria wengine, watoao gesi isiyo na harufu lakini inayowaka.

Leokadia hakubisha. Aliomba muda tu, akitumaini kwamba angeirekebisha mirija. Kabla hajaimaliza, fundi mmoja aitwaye Itambu alikuwa akichomelea ngazi ya chombo, cheche ikaanguka, na moto ukatambaa juu ya maji. Itambu aliokolewa, lakini mikono yake yote miwili iliungua.

Kutoka hospitali, Leokadia alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Alimkuta barazani akichambua mlenda, akamsimulia yote. Chombo kikizimwa, ziwa litapona. Ila harufu nayo itarudi.

Bi Mukhadi hakuinua macho. "Huyo fundi ana watoto?"

"Wawili, mama."

"Basi unangoja nini?"

"Nakungoja wewe. Hewa hii niliitafuta kwa ajili yako."

"Najua, mwanangu. Nami nimeivuta, nikashukuru. Kazime."

Leokadia alikizima kwa mkono wake mwenyewe. Kabla upepo haujaileta harufu mjini, Bi Mukhadi alikuwa amehamia Manyoni kwa mdogo wake. Mvua zilipokwisha, zambarau ilianza kuonekana tena, mabaka kwa mabaka. Ntandu alifurahi; majirani wengi waliacha kumsalimu Leokadia.

Siku hizi, kila Jumapili, Leokadia hupanda treni kwenda Manyoni. Bi Mukhadi humsikia tangu getini, lakini hatoki kumlaki, maana harufu ya ziwa iliyoganda kwenye nguo za binti yake humkaba kifua. Leokadia huoga kwanza kwenye bafu la uani, akavaa kanga ya mama mdogo, ndipo akaingia kumkumbatia mama yake.