Makaburi Mawili ya Ngana

"Sisi ni ndugu, Godlove. Baba wa babu yako na baba wa babu yangu ni mtu na mdogo wake."

Godlove alikuwa bado ameshika kikombe cha chai. Alitazama ukuta wa sebule, ambako Tusajigwe alikuwa amebandika karatasi ya manila yenye majina ya ukoo wake, mistari yote imechorwa kwa rula. Jina la Godlove lilikuwa chini kabisa, upande wa kulia.

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Nimeyaona makaburi. Mwangomale wetu na Mwasyeba wenu wamelala Ngana, bega kwa bega. Nani huzikwa nyumbani kwa mtu asiye ndugu yake?"

Tusajigwe alifundisha kemia katika sekondari moja pale Kyela mjini. Tangu mama yake afariki aliishi peke yake, na jioni zake alizijaza kwa kutafuta historia ya ukoo: kupigia wazee simu, kupiga picha misalaba, kurudi nyumbani na kuongeza mistari ukutani. Ilianza kama kujifurahisha tu. Wafu walikuwa wageni wazuri, hawakuaga.

Sasa posa ilikuwa Jumamosi. Wazee wa Godlove walikuwa wavuke Mto Songwe kutoka upande wa Malawi, alikohamia babu yake. Na Wanyakyusa hawaoi damu yao, hata iwe ya mbali kiasi hicho. Godlove alimsihi waulize watu kwanza. Tusajigwe akajibu, kwa sauti ya darasani, kwamba waliojua wameshakufa na kaburi halina sababu ya kudanganya.

"Basi umenifuta kwa rula," Godlove alisema. Akaweka kikombe chini, akatoka. Bodaboda ikawaka, sauti yake ikafifia kuelekea barabara ya Kasumulu.

Posa haikuja. Mvua ikaja. Tusajigwe alisahihisha madaftari, akapika wali wa mtu mmoja, akaula akiwa amesimama. Mara kadhaa aliandika ujumbe, "Umeamkaje?", akaufuta. Ndugu hawaandikiani hivyo, alijiambia, na ushahidi ulikuwa umeshatolewa.

Mwezi ulikuwa unaisha alipofika shangazi yake Marta kutoka Ngana, na mkungu wa ndizi kichwani. Kabla hajapewa maji, alisimama mbele ya ukuta.

"Mstari huu unawaunganisha hawa kwa lipi?"

Tusajigwe alimweleza. Shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mwalimu wangu, umewazaa watu wazima. Zamani vijana wa rika moja waliondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Walilima pamoja, wakala pamoja, na kila mmoja akazikwa mlangoni kwake. Hao walikuwa marafiki. Ndugu zao walikuwa kwingine."

"Una hakika gani, shangazi?"

"Mwangomale alipokufa, mjane wake alirithiwa na mdogo wa marehemu aliyetoka Ipinda. Alitembea na njaa kuja kumchukua. Mwasyeba alikuwa hapo hapo, mlango kwa mlango. Angekuwa damu yake, si mjane angevuka ua tu?"

Tusajigwe alilipima lile neno kila upande. Halikuwa na ufa.

"Mwenzako nilimweleza hivi hivi," shangazi aliongeza, akimenya ndizi. "Alinifuata wiki ile ile."

Simu ya Godlove iliita muda mrefu kabla ya kupokelewa.

"Ulijua," Tusajigwe alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilingoja uniulize. Wafu uliwafuata mpaka Ngana, Tusa. Mimi nina simu."

Alisikia jogoo akiwika upande wa pili, na pumzi ya Godlove.

"Na wewe bado unanitaka?"

"Mimi sijaacha. Ila baba ameshawatangazia ndugu kwamba mmetukataa. Hanisikilizi tena."

"Nitakuja nimweleze mimi."

"Njoo," alisema, bila kumhimiza.

Jumamosi iliyofuata alivuka daraja la Songwe akiwa na bahasha ya picha za makaburi, hoja zake amezipanga kichwani. Mvua ilianza alipoingia njia ya migomba iendayo kwao Godlove. Na huyo baba wa Godlove, jembe begani, akitokea mbele yake.

Tusajigwe alifungua kinywa. Ndugu wa ukoo angemsalimia mzee uso kwa uso, kama binti. Lakini kwa watu wao mke wa mwana hakutanishi macho na baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona, humpisha na kujificha. Hoja zilikuwa tayari. Miguu ikamtangulia. Alijikuta ameingia migombani, amechuchumaa, mgongo kwa njia, kitenge kichwani mpaka usoni. Bahasha ilianguka matopeni, hakuiokota.

Hatua za mzee zilisimama.

Kisha mzee akakohoa, akageuka, akashika njia ndefu ya nyuma ya jiko ili asimpite. Sauti yake ilitokea huko:

"Godlove. Toka nje. Mke wako ananyeshewa."