Aliyemruka Mwana wa Mwami

Jumamosi moja ya mwaka 1996, katikati ya soko la Biwi mjini Lilongwe, pikapu ya kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilikohoa mara mbili ikazima. Magari nyuma yakaanza kupiga honi.

"Amayi, we mama, tafuta dereva mwanamume!" akapayuka muuza nyanya.

Godelive akashuka bila kumjibu. Alivaa ovaroli ya bluu, kitenge cha manjano kichwani na rangi nyekundu midomoni, maana hakuona kwa nini oili imzuie mwanamke kupendeza. Akafungua boneti, akainama.

"Angalia umeme kwanza, kisha petroli," sauti ikasema nyuma yake. "Usifunguefungue ovyo kama mwizi."

Mkono wa Godelive ukasimama. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, na alimfundisha mtu mmoja tu. Akageuka. Mulenda alisimama pale na suruali ya kijivu iliyonyooshwa vizuri, shati jeupe, na bunda la vitenge begani. Mwana wa mwami, anachuuza! Alikuwa amekonda, lakini macho ni yaleyale.

Mwaka 1993, vita ilipopanda milima ya Kivu kule Zaire, Godelive alikuwa dereva na fundi wa lori la parokia, akibeba majeruhi. Mwami wa Bulimbi, mtawala wa jadi wa eneo lile, ambaye dereva wake alimkimbia siku ya risasi za kwanza, alimkabidhi mwanawe. "Mfundishe," alisema. "Mwami asiyejua kuendesha ni mateka wa dereva wake." Basi akamfundisha gia, breki na kabureta, akimchapa vidole kwa bisibisi kila alipokosea. Wakapendana humo humo, kati ya grisi na mabomu.

Siku moja Mulenda alikuwa amelala chali chini ya lori, miguu nje, jeki ikaanza kuteleza. Godelive akairuka miguu ile ili kuwahi kusukuma gogo chini ya ekseli. Gogo likaokoa kifua cha Mulenda. Wazee wa ikulu waliokuwa wakitazama hawakuliona gogo. Waliona mwanamke akimruka mrithi wa ngoma ya utawala, mwiko mkubwa kuliko yote, na jioni ileile wakamfukuza Bulimbi.

"Unauzisha bitenge sasa, mwana-mwami?" Godelive akauliza kwa ubaridi.

"Na we uliniacha bila hata kuniaga! Baliniambia ulienda Bukavu na kapiteni mumoja."

"Kapiteni? Mi?" Godelive alicheka kwa uchungu. "We njo ulimutuma Papa Kasongo, aniambie hautaki tena kuona uso ya mwanamuke aliyekuruka!"

"Mi sikutuma mutu!"

"Basi ungenitafuta. Miaka tatu, Mulenda! Ulinitafuta wapi?"

Godelive akachomeka waya wa koili uliochomoka, akawasha gari, akaondoka. Alilia njia nzima mpaka Dzaleka, na mikono yake haikutetereka kwenye usukani.

Jumatatu simu ya kliniki ikalia. Aicha, nesi wa zamu, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja. "Ni mwanaume. Anasema ni mwanafunzi yako."

Godelive akaichukua. "Alo?"

"Mwalimu."

"Mwalimu yako alikufa."

"Basi mi naongea na muzimu, na muzimu iko na sauti tamu."

Kicheko kikamponyoka Godelive, akakimeza haraka. "Sema mbio. Hii simu ni ya bagonjwa."

"Mi pia ni mugonjwa, sheri, mupenzi yangu. Ugonjwa yangu inavaa ovaroli." Kisha sauti ya Mulenda ikashuka. "Jana nilikuja huko kambini kwa baba mudogo Kasongo, mwenye alifika juzi na bazee. Nilimubana mpaka akakubali. Alituongopea sisi wote wawili. Tumepoteza miaka tatu bule."

Godelive akaketi juu ya sanduku la dawa. Kumbe! Machozi yaliyomtoka safari hii yalikuwa ya namna nyingine.

"Na sasa?" akauliza.

"Papa yangu, mwami, alifia njiani tukikimbia vita, unajua. Jumamosi bananisimika mi, hapo kambini. Bazee banasema nikikutaka, lazima kwanza uoshe kosa. Mbuzi mweupe achinjwe, upige magoti mbele yao, na uache mambo ya magari maisha yote."

"Na we uliwajibu nini?"

"Niliwaambia nitakuuliza."

"Utaniuliza!" Godelive akabamiza simu hata Aicha akashtuka.

Juma zima hakulala vizuri. Alimtaka Mulenda, alimtaka sana, na hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa kazi yake. Kupewa kimoja kwa kunyang'anywa kingine kulimchoma. Jumamosi akafua ovaroli, akapaka rangi ya midomo, akasema liwalo na liwe, akaendesha pikapu mpaka uani kwa Mzee Kasongo.

Ngoma ya kumsimika mwami ilikuwa imekwisha kulia. Mulenda alikaa kitini, mabegani ngozi ya chui iliyovuka mipaka ndani ya gunia la mihogo. Wazee sita walimzunguka, na mbuzi mweupe alifungwa pembeni. Majirani walijaa mpaka njiani.

"Piga magoti, binti," akasema Mzee Kasongo.

"Nilipiga magoti siku ile, Papa, kusukuma gogo. Sina magoti ingine."

"Umeruka mwami na bado unajibu?"

"Ningeogopa mwiko, mungezika mwana-mwami mwenye hakurukwa. Hata leo jeki ikiteleza, nitamuruka tena. Na ninyi bote nitawaruka!"

Wanawake kule njiani wakapiga vigelegele. Mzee Kasongo akamgeukia Mulenda. "Chagua. Ngoma ao huyu fundi."

Mulenda akainuka. Godelive alimpenda kuliko wakati wowote, lakini hakukunja goti.

"Sichagui," akasema Mulenda. "Ngoma imeshalia, Papa, na maji yakimwagika hayazoleki. Mi njo mwami, na miko ya Bulimbi iko mikononi mwangu. Neno yangu ya kwanza ni hii: mwenye kuokoa mutu hajavunja mwiko. Mufungue huyu mbuzi." Akateremka kitini, akamsogelea Godelive mbele ya macho ya wote. "Na we, unisamehe. Haikufaa nikuulize. Ilifaa niwakatalie siku ileile. Sasa nakuuliza ingine: unanitaka?"

"Na magari?"

"Magari ni yako."

"Siku ya arusi, mi njo nitaendesha. We utakaa kwa abiria."

"Haijaonekana!" akafoka Mzee Kasongo.

"Itaonekana, Papa," akasema Mulenda, macho hayambanduki Godelive. "Mwalimu, nangoja jibu."

Huko Bulimbi bibi arusi huulizwa mara tatu, naye kwa heshima hunyamaza mara mbili za kwanza, macho chini. Godelive akawatazama wazee mmoja mmoja, kisha akamtazama mwanamume wake usoni, akajibu mara ya kwanza, kwa sauti iliyosikika mpaka njiani:

"Nakutaka."