Nani Alivunja Tuta la Kayumba

Jumamosi, saa moja kasoro robo asubuhi, mwili wa mama Nyiramana ulikutwa umenasa kati ya migomba, mita mia nne chini ya bwawa la Kayumba. Tuta la udongo lililozuia maji lilikuwa limepasuka katikati, pengo la kupita lori. Maharage ya bonde zima yalifukiwa na tope. Na pale penye pengo, juu ya tope, lilikuwepo jembe lenye mpini uliochomwa herufi E.

Kufikia saa tatu, mwenye jembe alikuwa mahabusu. Jina lake Elisée, mkulima kutoka Fizi, Kivu Kusini.

Hakuna aliyeona haja ya kutafuta zaidi. Kayumba, tajiri wa Mbarara, alilichimbisha bwawa lile kwenye ardhi yake kando ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ili wageni wa mjini waje mwisho wa juma kupanda boti za pedali na kula samaki. Kiangazi chote Elisée aliomba maharage yafunguliwe maji kidogo, akajibiwa kuwa maji ni ya boti. Walimsikia wengi akigombana langoni na Gisa, msimamizi wa pale. Sasa ikasemwa kwamba amelichimba tuta kwa hasira, akamuua jirani yake mwenyewe.

Constance, dada yake mkubwa, alikwenda kituo cha polisi cha Base Camp kumwona afande Mbabazi, mpelelezi. Alieleza kwamba usiku ule Elisée alilala nyumbani. Mbabazi akamjibu kwa upole kwamba dada hawezi kuwa shahidi.

"Ile jembe, afande, Gisa alimunyang'anya siku ya Jumatano, pale ku lango."

"Nani aliona?"

Hakuna aliyeona.

Jumapili alasiri Constance alipanda hadi bwawani peke yake. Kule Fizi alikuwa amechimba mabwawa ya samaki pamoja na marehemu mumewe. Alijua tuta hufa vipi. Kwanza aliwashuku ng'ombe wa Bienvenu, mfugaji aliyekuwa akinywesha hapo, kwa maana kwato hulegeza udongo. Lakini Bienvenu alikuwa amehamia upande wa ziwa tangu Jumanne, na majirani zake wapya walithibitisha.

Basi akatembea juu ya kilichobaki cha tuta. Nyasi za mteremko wa nje zilikuwa zimelala zote, kuelekea chini, kutoka ncha hii hadi ile. Akaenda pembeni, kwenye mfereji wa kupunguzia maji bwawa linapojaa. Mvua ya Ijumaa ilinyesha tangu saa kumi jioni hadi usiku wa manane, lakini nyasi za mfereji zilisimama wima, kama hazijapitiwa na mkondo wowote wa maji. Nyuma ya kibanda cha boti alikuta magunia manane ya mchanga yaliyolowa. Aliinua moja. Nyasi chini yake zilikuwa kijani kibichi. Akapiga picha kila kitu kwa simu yake.

Jumatatu alizipeleka picha Base Camp. Mbabazi hakuwepo, faili limekwenda Mbarara. Jumanne akaenda Mbarara, akakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa tisa, akaambiwa alete barua kutoka Base Camp. Jumatano, mwenye kutia saini barua yuko mkutanoni. Alirudi nyumbani akimeza hasira kavu kavu. Njiani alipishana na watu waliotoka kumzika Nyiramana, na hakuna aliyemsalimu.

Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya pikipiki ya Mbabazi, akashika usukani.

"Unipe saa moja tu, afande. Kama niko nadanganya, unifunge na mimi."

Ijumaa saa nne wakawa bwawani. Kayumba naye alikuwepo, amekuja na gari kukagua hasara yake, Gisa akimfuata nyuma.

"Kama mutu alichimba, maji ingepita fasi moja," Constance alianza. "Muangalie nyasi. Ililala ku tuta yote. Maji ilipanda, ikapita juu."

Gisa alisema mvua ilizidi.

"Mvua ya mingi inapita ku mfereji. Mbona ku mfereji hakuna kitu kilipita?"

Mbabazi alikwenda kuutazama mfereji. Aliporudi alimuuliza Gisa yale magunia ya nyuma ya kibanda yako pale tangu lini.

"Tangu Januari, afande."

Constance akampa mpelelezi simu: picha ya Jumapili, nyasi mbichi chini ya gunia. Mbabazi aliitazama, akamgeukia Gisa. "Nyasi nakaa kijani chini ya gunia tangu Januari?"



"Na tena," Constance akasema, "maji ilibeba mama Nyiramana mita mia ine. Jembe iliiacha namna gani?"

Ndipo Gisa akachuchumaa. Alikiri kwamba aliuziba mfereji Alhamisi ya kabla ya mvua, na alfajiri tuta lilipopasuka aliyatoa magunia, akaliweka jembe alilomnyang'anya Elisée kwa kuwa kila mtu angeamini.

"Lakini ni yeye alisema," akaongeza, bila kumwangalia Kayumba. "Mimi nilimwambia mvua nakuja."

Alifungua ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Sauti ya Kayumba ikatoka kwa Kinyankore, na Mbabazi akairudia kwa Kiswahili: wageni wa harusi wanakuja Jumamosi, uzibe mfereji, maji yapande, boti ikigusa tope tena mbele ya watu, utafute kazi kwingine.

Kayumba alisema ana wakili Mbarara, akaelekea kwenye gari. Mbabazi alifika mlangoni kabla yake, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Wote wawili walichukuliwa. Elisée hata hivyo alitoka Jumanne, kwa sababu saini moja ilikosekana mwisho wa juma. Njiani Constance alimsimulia yote, nyasi, magunia, benchi la Mbarara. Elisée alisikiliza hadi walipofika bondeni, akasimama.

"Mama Nyiramana alikutwa fasi gani?"

Constance alimwonyesha migomba. Elisée alivua viatu, akaingia kwenye tope kwenda huko, na dada yake akamngoja.